Mjane Haolewi kwa Alama ya Buluu

Kwa mujibu wa wanaume wa ukoo wa marehemu mume wangu, nilikubali kuolewa nikiwa jikoni, mkono mmoja ndani ya unga wa anjera, chapati zetu za maji. Mimi mwenyewe sikuwa na habari. Nilikuja kuambiwa na mwuza maziwa.

Acha nieleze tangu mwanzo, maana hapa Garissa kila mtu amelisimulia jambo hili kwa namna yake, na katika masimulizi mengi mimi ndiye mbaya. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya msingi. Ninakaa Waberi, katika nyumba ambayo mume wangu na mimi tuliijenga chumba baada ya chumba, tukilala katika kimoja huku kingine kikisubiri bati. Kisukari kilimchukua akiwa bado na nguvu za kubishana nami kuhusu siasa. Aliniachia watoto watatu, mkubwa ni msichana wa sekondari. Nilikaa eda, nikaimaliza, nikarudi kushika chaki. Sikuwa natafuta mume. Nalisema hili waziwazi kwa sababu mjini kwetu mjane akicheka tu barabarani, watu wanaanza kumtafutia wachumba vichwani mwao.

Sisi Wasomali tuna desturi ya dumaal: mwanamume akifa, ndugu yake anamwoa mjane ili watoto wabaki chini ya ukoo wa baba yao. Siidharau. Bibi yangu mzaa mama aliolewa hivyo, na alimpenda yule mume wa pili kuliko wa kwanza, alikuwa akituambia bila haya. Lakini yule ndugu alikuwa anakaa karibu naye. Ukame ulipokuja, alihamisha ngamia wake pamoja na wa marehemu. Fisi alipokuja, yeye ndiye aliyetoka na mkuki. Shemeji yangu mimi anaendesha lori Amerika. Ana mke na watoto huko. Tangu niolewe na kaka yake nimemwona uso kwa uso mara mbili, na mara ya pili alikuwa na haraka ya kurudi uwanja wa ndege. Fisi wangu atamfukuza kwa simu?

Mambo ya ukoo siku hizi hayaamuliwi tena barazani. Yanaamuliwa katika kundi la simu la wanaume walioko Garissa, Griftu, Nairobi, Uswidi na Amerika, ambao kila kukicha wanatumiana ujumbe wa sauti. Msimamizi wa kundi ni baba mdogo wa marehemu, mfanyabiashara wa mifugo, ambaye mimi pia humwita adeer kama watoto wa nyumba ile wanavyomwita. Yeye ndiye anayeingiza mtu na kumtoa. Mwanamke hayumo hata mmoja. Sisi wanawake tuna kundi letu, la kutangaziana misiba, hina, dawa ya kikohozi na uunsi wa kufukizia nyumba.

Miaka michache iliyopita nilialikwa kwenye semina katika hoteli moja hapa mjini. Wageni walitufundisha kwamba simu imemfungulia mwanamke wa kaskazini mlango wa dunia, kisha wakatupa fulana zilizoandikwa kwamba simu ni sauti yako. Nilifurahi, sikatai, na chakula kilikuwa kizuri. Wanasema dunia imekuwa kijiji, nami naamini. Ila pale semina hakuna aliyeuliza kijiji hicho kina wazee gani, na nani anaruhusiwa kukaa nao. Zamani mwanamke angeweza angalau kupita karibu na kikao akiwa amebeba maji, akasikia jina lake likitajwa. Kwenye kundi la simu hupiti. Na wale walioko ng'ambo ndio wagumu zaidi. Waliondoka hapa vijana, wakaibeba Garissa ya wakati ule, na wanaishikilia hivyo hivyo, huku wake zao huko wanaendesha magari na kusaini mikataba ya nyumba. Mambo wasiyothubutu kuyasema mbele ya wake zao wanayatuma kwetu.

Siku hiyo nilikuwa nimetoka shule, jua bado kali. Simu ikalia: ujumbe wa sauti kutoka kwa adeer. Ujumbe wake huwa mrefu kama hotuba ya Ijumaa. Nikaubonyeza kwa kidole kisicho na unga, nikaiegemeza simu kwenye kopo la chumvi. Akanisalimia, akamsalimia kila mtoto, akamwombea marehemu, nikaitikia amina. Akaanza habari za mvua ya Griftu na ngamia walioharibu mimba. Hapo mwuza maji akagonga geti na mkokoteni wake wa punda, nikatoka kumfungulia, tukavutana kidogo kuhusu madumu yake yanayovuja. Niliporudi, adeer alikuwa amemaliza. Nilidhani habari zenyewe ziliishia kwa ngamia. Kumbe masufuria yangu ndiyo yaliyosikia posa.

Mwenye simu ya kisasa anajua kwamba ujumbe wa sauti ukishasikilizwa, ile alama ya kipaza sauti inageuka buluu kwa aliyeutuma. Adeer akaiona buluu. Akangoja. Sikujibu, kwa kuwa sikuwa na neno la kuongeza kuhusu ngamia. Sasa, kwetu tangu madrasa tunafundishwa kwamba msichana bikira akiulizwa kuhusu ndoa akanyamaza kwa haya, kimya chake ndiyo ridhaa yake. Basi adeer akaingia kwenye kundi na kutangaza kwamba mjane wa ndugu yao amesikia, na amenyamaza. Uswidi wakasema mashallah. Amerika wakaleta mikono ya dua na maua. Nairobi wakauliza nikaha ni lini.

Kesho yake nilikuwa sokoni na naibu wa mwalimu mkuu, mtu wa Kitui, ambaye alikuwa amenisindikiza ili nimwonyeshe maziwa mazuri ya ngamia. Mwuza maziwa wangu akaacha kopo lake, akanikumbatia, kisha akamgeukia mwenzangu kwa Kiswahili cha sokoni.

"Mwalimu yako naolewa, naenda Amerika! Wewe hajui?"

"Hongera, mwalimu," yule naibu akasema. "Lakini ungetuambia mapema, tupange vipindi."

"Naolewa na nani?" nikauliza. Mama wa watu akacheka na kunipiga begani, akidhani ni haya za bibi harusi.

Nilikasirika mpaka masikio yakaziba. Nilisimama nyuma ya mifuko ya sukari ya duka la jirani, nikaufungua tena ule ujumbe, nikavuka salamu, mvua na ngamia. Mwishoni kabisa adeer alikuwa amesema kwa sauti ya upole kwamba ndugu wa marehemu yuko tayari kuniingiza katika nyumba yake, kwamba watoto wataandaliwa karatasi za kwenda Amerika, na kwamba nikiwa na neno niseme, nikinyamaza watajua nimeridhika. Nilikwenda kwake moja kwa moja, maziwa mkononi. Hayo tuliyosemezana yalikuwa kwa Kisomali, lakini Kiswahili kinayabeba bila kumwagika.

"Adeer, nani amekuambia nimekubali?"

"Wewe mwenyewe. Umesikia, umenyamaza." Akanionyesha simu. "Buluu hii hapa. Shaka iko wapi?"

"Kimya ni cha bikira, adeer. Mimi nimezaa watatu. Mjane lazima aseme kwa mdomo wake, hata watoto wa madrasa wanajua."

"Zama zimebadilika," akasema. "Siku hizi alama ndiyo mdomo."

Wallahi, mtu huyo huyo anayelia kila Ijumaa kwamba simu imeharibu vijana! Lakini nilimwelewa pia. Amezeekea kwenye mnada wa mifugo, ambako muuzaji na mnunuzi hushikana mikono chini ya shuka na kupatana bei kwa vidole, bila kutoa neno, ili wengine wasijue. Kwake yeye mambo mazito yote yamepita kimya.

"Hata chini ya shuka, asiyekubali huvuta mkono wake," nikamwambia. "Nami navuta wangu."

Hapo uso wake ulibadilika. Akasema nikivuta mkono, watoto watakwenda Griftu kwa nyanya yao, kwa sababu watoto ni wa ukoo. Akasema nikaha ni Ijumaa inayofuata baada ya swala, kwa simu, na kwamba kaka yangu, ambaye ndiye walii wangu wa ndoa tangu baba yetu afariki, ameshapigiwa na ameridhia. Kisha akaniuliza kama maziwa yale hayataharibika juani.

Nilitembea kurudi nyumbani nikiwawazia watoto. Si kwamba Griftu ni kubaya. Mama mkwe wangu ni mtu mwema na watoto wanampenda. Lakini binti yangu ana mtihani wa mwisho mbele yake, wadogo wake bado wanakuja kitandani kwangu wakiota vibaya, na hakuna mwanamume hata mmoja kwenye lile kundi, kuanzia Uswidi hadi Nairobi, anayejua ni yupi kati yao anayeogopa radi. Walikuwa wananipa mawili: nichukue mume nisiyemtaka, au niwape watoto wangu. Na yote mawili yalikuwa yameandaliwa huku mimi nikigombana na mwuza maji.

Nilimpigia kaka yangu aliyeko Masalani. Analima kidogo kando ya Tana na kufuga, na simu yake ni kabambe, ile ya vitufe, isiyoonyesha rangi yoyote ya maana.

"Walaal, umeniozesha?"

"Si wewe umekubali? Wamesema sauti yako wanayo kwenye simu."

"Sauti yangu ipi? Sijasema neno!"

Kaka yangu si mtu wa vita. Alisema yeye atasimamaje peke yake mbele ya wazee wa watu akawaita waongo kwa maneno niliyomwambia yeye tu? Wakinisikia wao, akasema, yuko nami. Wasiponisikia, ataonekana amekataa yeye kwa chuki zake. Nilitaka kumfokea, lakini alikuwa amesema kweli: ilibidi wanisikie.

Nikamwomba adeer aniingize kwenye kundi, niseme neno moja kisha anitoe. Akajibu kwa maandishi kwamba haifai sauti ya mwanamke kusikika mbele ya wanaume wote wale. Nilisoma hayo mara kadhaa, nikacheka kwa uchungu. Sauti yangu ni aibu, ila kimya changu kinafaa kuwa cheti cha ndoa. Nikamtumia ujumbe wa sauti yeye binafsi, awapelekee wenzake. Hakuufungua. Nikatuma mwingine. Alama zikabaki kijivu asubuhi, mchana na jioni. Mzee alikuwa amejua kabisa buluu inafanya nini.

Namba ya mke wa shemeji nilikuwa nayo kwa sababu ya uunsi. Anaagiza ule anaoutengeneza jirani yangu, na mimi ndiye ninayeufunga na kumpa msafiri. Zaidi ya hapo hatukuwa tumezungumza. Nilimpigia alasiri yetu, kwao asubuhi.

"Abaayo, dada yangu," nikasema, "mume wako anataka kunioa Ijumaa. Ulikuwa unajua?"

Aliyonijibu sitayaandika, mimi nafundisha watoto. Kwa ufupi, alisema nilimtupia jicho mumewe tangu siku ya matanga, na kwamba wajane wa Garissa wakisikia Amerika wanasahau hata makaburi ya waume zao. Nilimwacha amalize. Ningekuwa mahali pake ningesema mabaya zaidi.

"Umemaliza? Mimi simtaki. Ningemtaka, ningekupigia wewe?"

Nikampelekea ule ujumbe wa adeer. Akausikiliza wote, yeye hakuwa na mwuza maji. Aliponipigia tena sauti yake ilikuwa ndogo. Mumewe alikuwa amemwambia kwamba Ijumaa ana mkutano wa kazini. Nilimweleza kuhusu watoto, kaka yangu na kundi lililofungwa. Akavuta pumzi, kisha akacheka, kicheko cha mtu aliyeamkia habari mbaya.

"Simu yake inachajiwa jikoni kwangu kila asubuhi akiwa anaoga," akasema. "Nenosiri ni jina la ngamia aliyemlilia utotoni, anadhani silijui. Nitumie sauti yako."

Siku iliyofuata nilirekodi darasani, watoto wameshakwenda nyumbani. Mara ya kwanza nililia, nikafuta. Mara ya pili nilitukana. Huo niliupenda sana na niliufuta kwa masikitiko. Wa tatu nilisema nimesimama, mkono mmoja kwenye meza, kama ninavyosimama darasa likipiga kelele:

"Asalaam aleikum, wazee wangu na ndugu zangu. Mimi ni mjane wa ndugu yenu. Mmeambiwa nimekubali kuolewa. Sijakubali. Simu iliulizwa nikiwa nje, na simu haina ridhaa ya kutoa. Sasa nisikieni kwa mdomo wangu: shemeji yangu namheshimu kama ndugu, na simtaki kama mume. Watoto ni wa ukoo wenu, sikatai. Ni wangu pia, na kwao ni Waberi. Anayetaka kuwaona, mlango uko wazi na chai ipo. Anayetaka kuwachukua aje mchana, aniambie usoni."

Alhamisi, shemeji akiwa bafuni, sauti yangu iliingia kwenye kundi la wanaume kutoka kwenye simu ya bwana harusi mwenyewe.

Mke wake aliipiga picha orodha ya waliosikiliza, akanitumia. Uswidi walisikiliza. Griftu na Nairobi walisikiliza. Adeer alisikiliza, akidhani labda ni mwana wa kaka yake anashukuru. Hakuna aliyejibu. Kundi ambalo halitulii hata saa ya swala lilikuwa kimya kama shule siku za likizo, na kwa sheria yao wenyewe walikuwa wameridhia. Baadaye shemeji aliandika kwamba simu yake imeingiliwa na wahalifu, kisha akafuta. Adeer alimpigia kaka yangu kulalamika kwamba nimewaaibisha hadi ng'ambo. Kaka yangu alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia, "Basi amesema. Mimi siwezi kumwozesha aliyesema hapana." Aliponisimulia nilimwambia yeye ni simba. Akasema hapana, alikuwa anatetemeka.

Nisiwadanganye kwamba wanawake wote walinipigia vigelegele. Katika kundi letu yuko aliyesema nimeitembeza sauti yangu kwa wanaume wa nchi tatu. Yuko aliyesema hakuna atakayeoa mabinti wa nyumba yangu. Mama mkwe alinipigia kutoka Griftu akalia, akasema alitaka tu watoto wa mwanawe wawe na baba. Nililia naye, kwa sababu yule mtu tulimpoteza sote wawili. Sikubadilisha neno. Wengine walinijia kwa siri, mmoja mmoja, na bibi mmoja mzee wa huko huko Griftu alinitumia ujumbe wa sauti ambao ndani yake hamna neno hata moja, ni kicheko kitupu, kirefu, mpaka akakohoa. Na mke wa shemeji hatukuwa marafiki, kama mnataka kujua. Bado anaagiza uunsi na bado ananijibu kwa mkato.

Ijumaa baada ya swala, saa ile iliyopangwa kwa nikaha, geti likagongwa. Alikuwa adeer, peke yake, kwa miguu, kanzu imelowa jasho mgongoni. Niliwaita watoto wote watatu waje wakae karibu nami mkekani, na nilikuwa tayari kupiga kelele mpaka Waberi yote itoke nje.

Akaketi. Binti yangu akamletea chai. Aliuliza habari za mtihani, akamsikia mdogo akisoma sura fupi, akamrekebisha mahali pamoja. Chai ilipokwisha aliweka kikombe chini, akajifuta ndevu, akanitazama. Sidhani kama alikuwa amewahi kunitazama hivyo tangu niingie katika nyumba yao.

"Uliulizwa vibaya," akasema. "Nimekuja kukuuliza vizuri. Unamkubali ndugu wa mumeo?"

Jibu alikuwa nalo, yeye na ukoo mzima. Lakini swali lilikuwa halijawahi kunifikia.

"Hapana, adeer," nikasema.

Kisha nikasema tena, kwa sauti kubwa zaidi, asije akasingizia mtandao.